KAZI YA MIKONO NYUMBANI: Uso wa kutisha juu ya ubao



Mwezi huu tulipanga kufundisha vikapu. Vikapu vitangoja, sababu tumepokea barua ya mama mmoja wa upande wa Salamabila na haifai kulala. Anaandika kwamba kijana wake wa miaka 11 aliokota kipande cha ubao kwa seremala, akakichonga uso, akakipaka makala na pemba, akapigilia misumari midogo kuwa meno, akautundika ule uso mlangoni. Usiku jirani alipita na tochi. Akaona macho mawili meupe yanamwangalia, akapiga kelele mpaka watu wakatoka. Kesho yake maneno yakaanza pale kwenye maji: "Ule mutoto iko na mambo. Nani alimufundisha vile?" Mama akaogopa, akauchoma ubao jikoni. Sasa anauliza: je, nilifanya vizuri? Na mtoto bado anataka kuchonga, nimkataze?

Mama, ninaanza na swali la pili. Usimkataze. Mfundishe, na mfundishe mchana, uwanjani, mbele ya watu. Ubao umekwisha kuwa majivu, tuuache. Woga wako ninauelewa, maana kwetu neno la kwenye maji halibaki kwenye maji. Linapanda kilima, linaingia katika chumba cha maombi, na siku moja linarudi limeshika fimbo. Wote tunajua watoto waliofukuzwa nyumbani namna hii, wanaolala sokoni chini ya meza.

Kwa hiyo jirani yako na ajue jambo hili, na asipojua yeye, shefu wa kartye ajue. Katiba ya inchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mulozi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inaweka malipizi: gereza la mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na amende. Siyo maneno ya wageni wenye jeep. Ni sheria ya Kongo. Mama akisikia tena "ule mutoto iko na mambo", ajibu kwa upole lakini ajibu, asinyamaze. Halafu aende kwa padri, au mchungaji, au katekista, amwambie mapema, kabla mwingine hajamwambia vibaya.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana ukurasa huu ni wa mikono.

Kwanza tuulize: mtoto yule alitoa wapi mawazo yake? Ubao, pemba, makala, misumari, nyuso za kutisha. Hakuyatoa kwa shetani. Aliyatoa kwetu. Nenda upande wa magharibi, kwa Wasongye, utasikia habari za kifwebe: uso wa mbao uliochorwa mistari mingi mingi kama uso wa pundamilia, mdomo umetokezwa mbele kama sanduku, na ndevu ndefu za nyuzi chini. Kifwebe cha kiume kina kishungi juu ya kichwa na rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe; cha kike ni cheupe zaidi na kishungi chake ni kidogo, au hakina. Cha kiume kilikuwa kinatisha watu kwa kusudi, ili wafuate amri. Nenda mashariki, kwa Wabembe wa Fizi, kuko kinyago cha alunga: kinavikwa kichwani chote, kina nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, macho makubwa yameingia ndani, na juu yake manyoya na miiba ya nungu. Watoto wa zamani walikimbia walipokiona, na wazee walifurahi wakikimbia.

Na ninyi wa Kalima na Pangi, kwa Walega, munajua lukwakongo, kile kinyago kidogo cha mbao chenye uso mweupe wa pemba na ndevu za nyuzi. Mzungu akikiona katika vitabu anasema ni cha kutisha. Lakini katika bwami hakikuwa cha kutisha. Hata kuvaa usoni siyo desturi yake sana: wakubwa wa bwami walikishika mkononi, walikitundika kwenye ua, walikikokota chini kwa ndevu zake, na kila mara waliimba mezali pamoja nacho, ili mtu afahamu mafundisho ya kuwa mtu mwema. Serikali ya Wabelgiji ilivunja bwami kwa amri mwaka 1948, na vinyago vingi vikaenda Ulaya katika masanduku. Vingine viliuzwa na watoto wa wenyewe kwa bei ya shati. Siku hizi watu wa Ulaya wanavitazama ndani ya vioo, wajukuu wetu hawavijui.

Kitu kimoja kimerudi, na nilifurahi kusikia. Mwezi wa Juni 2022 mfalme wa Wabelgiji Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa kakuungu, kiwekwe katika Musée National iliyofunguliwa 2019. Kakuungu ni uso mkubwa sana, mashavu yamevimba, kidevu kimetokeza, chini yake manyoya ya rafia. Vijana wa jando walikiogopa. Alikileta kwa namna ya kukopesha tu, lakini kwa muda usio na mwisho. Kukopeshwa kitu chako mwenyewe, hiyo tutaizungumza siku nyingine.

Hata mbali na kwetu watu wanatengeneza vitu vya kutisha kwa furaha. Marekani, usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, duka zinauza vipande vya mbao vilivyokatwa tayari: umbo la paka, la popo, la kaburi, la nyumba mbovu yenye madirisha yaliyovunjika. Watoto wanavipaka rangi, wanabandika vifungo, nyuzi, vitambaa na karatasi za zamani, wanavitundika mlangoni. Jina la sikukuu ile, Halloween, linatoka katika ule mkesha wa kanisa, ingawa wengi wao wamesahau. Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba, wanatengeneza mafuvu ya sukari na ya karatasi, wanaweka maua juu ya makaburi, wanakula pamoja na kukumbuka wafu wao. Sisi wenyewe tarehe 1 Agosti asubuhi tunakwenda kulima majani juu ya makaburi ya wazazi, mchana tunakula. Hakuna anayesema tuna mambo.

Najua kuko msomaji ambaye kidole chake tayari kiko juu ya Kutoka sura ya 20. Ndugu, geuza karatasi chache, ufike sura ya 31. Pale Mungu anamwita Besaleli kwa jina na kumjaza akili ya kuchonga mawe na miti. Kinachokatazwa ni kuabudu. Mtoto wa Salamabila hakuabudu ule ubao. Alitaka kumtisha dada yake. Hata juu ya paa za makanisa ya zamani ya Ulaya kuko wanyama wa mawe wenye meno na mabawa, kazi yao kutema maji ya mvua. Na majirani zetu Waislamu wa Kasongo, ambao wengi hawapendi sura za watu, watoto wao waweza kufanya kazi hii hii na mwezi, nyota, na michoro ile ya milango ya zamani. Ubao ni ule ule, rangi ni ile ile.

Basi, tuanze.

Mbao. Usinunue. Kwa seremala kila siku kuko vipande vinavyongoja moto. Mtoto aende aombe kwa heshima, "Baba, naomba mabaki", na akirudi siku nyingine amletee seremala kile alichotengeneza. Hapo mabaki hayatakosa tena. Kama hakuna seremala, tafuta parasolye, ule mti mwepesi wenye majani kama mwavuli unaoota haraka katika mashamba yaliyoachwa. Unachongeka kama sabuni. Lakini kausha ndani ya nyumba au chini ya kivuli, wiki mbili au tatu, usiuweke juani, utapasuka katikati ya pua. Ubao unene wa kidole kimoja unatosha.

Chora uso kwanza juu ya karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili, ukate nusu tu, ukifunua pande mbili zitalingana. Weka karatasi juu ya ubao, zungusha kwa kalamu ya makala. Kukata kwa msumeno ni kazi ya baba au ya kaka mkubwa. Mtoto wa chini ya miaka 10 asishike msumeno wala panga ndogo, hata akilia. Matundu ya macho na ya kamba tunayatoboa kwa msumari mrefu uliochomwa motoni, ukishikwa na koleo, ubao ukiwa umelala chini wala si juu ya paja. Inatoa moshi, inatoboa bila kupasua.

Kulainisha ndiyo sehemu ambayo watoto wanaikimbia, na ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na mbaya. Papye-vere ni ghali. Wachongaji wa zamani walitumia majani ya msasa, yale yanayokwaruza ulimi wa mbuzi. Yaokote yaliyo makavu kidogo, yaloweshe, sugua kufuata nyuzi za mti. Majani kumi yanatosha uso mmoja. Ukipitisha mkono na mkono usikwaruzwe, basi.

Rangi. Hapa nitakaa kidogo.

Nyeupe ni pemba. Iloweshe usiku mzima ndani ya sufuria ya zamani, koroga, ngoja kidogo mchanga ushuke, mimina maji meupe katika chombo kingine kupitia kitambaa. Acha yatulie mpaka kesho, mwaga maji ya juu taratibu. Kinachobaki ni laini kama maziwa mazito. Nyeusi ni makala. Isage ikiwa na maji, siyo kavu, maana vumbi lake linaingia kifuani. Nyekundu ni nkula, kama bibi bado anayo, au udongo mwekundu wa barabara uliochujwa kama pemba. Njano ni udongo wa njano wa mtoni. Manjano ya jikoni yanapendeza siku ya kwanza, jua linayala. Maji ya majani mabichi nayo usihangaike nayo: jioni kijani, kesho rangi ya chai.

Rangi hizi peke yake zinaanguka kama unga. Zinahitaji kitu cha kuzishika. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, kijiko kimoja cha unga katika kikombe kikubwa cha maji, mpaka ung'ae. Uchuje ukiwa bado moto. Changanya nusu uji, nusu rangi. Uji huo huo ukipikwa mzito ndio kole yako ya kubandika vitambaa na karatasi. Ukikaa siku tatu unanuka, tupa, pika mwingine.

Paka nyeupe kwanza, uso wote, mara mbili, kila mara ngoja ikauke kabisa. Halafu mistari. Penso unaitengeneza kwa kijiti cha mti mbichi uliotafunwa kwenye ncha, au manyoya ya kuku yaliyofungwa pamoja. Kwa mistari ya kifwebe, mwambie mtoto aanze katikati ya paji la uso na kushuka pande mbili, mstari mweusi, nafasi, mstari mwekundu, nafasi. Asiende haraka. Uso unatisha pale mistari inapofuatana vizuri. Ikiyumba unakuwa uso wa mlevi, na watu watacheka. Hiyo nayo siyo mbaya.

Kisha vipambo, na hapa mtoto aachwe huru. Meno ya punje za mahindi au mbegu za maboga. Macho ya vifuniko vya chupa vilivyopondwa bapa kwa jiwe. Ndevu za rafia, za gunia lililofumuliwa, za nywele za mahindi. Manyoya ya kuku mweusi yamewekwa kama nyusi. Kitambaa cha pagne iliyochakaa kwa mashavu. Ninyi wa Kalima munazo zile ngozi ndogo za mika zinazong'aa kando ya mashimo: zinabanduliwa kwa ukucha na kubandikwa na kole chini ya macho kama machozi. Zibanduliwe tu, zisisagwe. Usiku, taa ikipita, uso unalia. Nimeona wa namna hiyo, na mimi mtu mzima nilirudi nyuma hatua moja.

Lakini vipambo vingine visiingie nyumbani, na hapa ninawaomba muache kusoma haraka.

Cha kwanza ni zebaki, ile merkire ya wakrezere. Watoto wa Namoya na Salamabila wanaipenda sababu inang'aa na kukimbia mkononi kama kitu chenye uhai, na mmoja ataona ingefaa kuwa jicho la kinyago. Hapana. Zebaki inapanda hewani hata bila moto, haina harufu, inavutwa kifuani na kuharibu akili na mishipa, na mtoto ndiye anaumia zaidi, hata yule aliye bado tumboni mwa mama. Hata chupa yake tupu isifanywe chombo cha rangi. Na baba anayechoma dhahabu yake jikoni, juu ya moto ule ule wa sombe, huyo anatisha kuliko kinyago chochote cha ukurasa huu.

Cha pili ni nyaya. Pale wanapopasua mawe kwa baruti kuko nyaya nyembamba za rangi nzuri, nyekundu, njano, buluu. Zinafaa kwa nywele, ni kweli. Lakini mara nyingine ncha moja ya waya ina kitu kidogo kama kifuniko cha kalamu, cha chuma: ni detonateri. Inakata vidole, inatoboa macho. Mtoto hawezi kutofautisha, na hata wewe usijaribu. Waya wowote uliotoka mgodini ubaki mgodini. Akiona kitu cha chuma asichokijua, cha migodi au cha vita, asiguse, aite mkubwa.

Cha tatu ni unga mweusi wa ndani ya mapile ya radio. Najua unatumiwa kupakia ubao wa masomo. Ndani yake kuko manganeze na chumvi zinazochoma ngozi, na katika mapile mengine kuko sumu kubwa zaidi. Makala yetu ni nyeusi vya kutosha. Na rangi za mafuta za mikebe ya zamani, zile zinazobanduka mlangoni kama magamba, zaweza kuwa na risasi ndani; mtoto mdogo akilamba magamba hayo akili yake inapungua na hairudi. Usizikwangue kupata rangi.

Mwisho, manyoya mekundu ya kasuku. Yanapendeza kweli. Lakini kasuku wa kijivu wamekamatwa sana katika misitu ya Maniema na kupelekwa kuuzwa mbali, mpaka mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yakakubali kukataza biashara ya wale wa porini. Kuku watoe manyoya.

Watoto wenye moyo wa kuendelea wafanye mtu wa mifupa. Kazi hii ninaipenda kuliko ya uso, maana inafundisha mwili na inachekesha. Kata vipande kumi na kimoja: kichwa, kifua pamoja na kiuno, mikono miwili katika vipande viwili viwili, miguu miwili vivyo hivyo, na kimoja cha ziada kwa taya. Paka vyote vyeusi, kisha chora mifupa kwa pemba juu yake. Mtoto ahesabu mbavu zake mwenyewe kwa vidole, jozi 12, azichore kwa hesabu hiyo. Mtu mzima ana mifupa 206. Usimwombe achore yote. Toboa viungo, funga kwa kamba iliyolegea yenye fundo mbele na nyuma. Nyuma ya mabega na nyuma ya mapaja unganisha nyuzi nyembamba zikutane katika kamba moja inayoning'inia chini. Ukivuta, mikono na miguu vinaruka juu, ukiachia, vinaanguka. Taya nayo ifungwe peke yake, itagonga. Mwalimu wa masomo ya msingi akipata mtu huyo atamshukuru mtoto, sababu picha ya mifupa darasani mara nyingi hakuna.

Popo na bundi ni rahisi, ubao mmoja tu na mabawa ya kitambaa cheusi au cha mfuko wa plastiki. Kuhusu bundi, nitasema neno. Kwetu akilia juu ya paa, watu hawalali, na asubuhi wanatafuta mzee wa kulaumu. Mimi nasema bundi afanywe, na anapofanywa mtoto aambiwe anakula nini: panya. Panya wale wanaokula mihogo yako darini. Lakini kama bado kuko maneno juu ya mtoto wako, kama kwa mama wa barua yetu, bundi angoje mwaka kesho. Anza na mtu wa mifupa. Mpe watu kicheko kwanza.

Na kwa mama yule, namna ya kurudi kwenye kazi bila kuongeza moto. Usimwache mtoto achonge peke yake nyuma ya nyumba. Ita watoto watano au sita wa majirani, na wa yule aliyepiga kelele awe wa kwanza kuitwa. Mkeka chini ya mwembe, mchana, baada ya masomo. Mama mwingine apike kole, baba mmoja ashike msumeno. Kila mtoto afanye uso wake, na nyuma ya ubao aandike jina lake na tarehe. Kitu chenye jina la mwenyewe na tarehe nyuma, kilichotengenezwa mbele ya watu kumi, ni vigumu kukifanya siri. Mkimaliza, muvitundike juu ya kamba ya nguo, na kila mtoto asimame aseme uso wake unaitwa nani na unamtisha nani. Utasikia majibu. Kuko mtoto alisema wake unatisha malaria. Mwingine alisema wake ni wa kutisha deni la baba.

Kama kuko mzee wa kabila lako anayejua mezali za zamani, akae pale kwenye kiti. Asiulizwe siri za bwami wala za jando, hizo ni zake na za wenzake. Aulizwe tu: uso kama huu, wazee walisema nini juu yake? Mengine hatajibu. Yale atakayojibu mtoto ayaandike katika daftari.

Usiku, vitu hivi viingie ndani. Visibaki mlangoni wala njiani, siyo kwa sababu vina nguvu, bali sababu mtu mwenye tochi na moyo mbaya wa pressioni anaweza kuanguka kweli. Na mvua itavichukua rangi yote, uji wa muhogo hauna ulinzi juu ya maji. Ukipata verni kidogo kwa seremala, paka safu moja. Kama hakuna, vikae ndani.

Wadudu wa mbao nyepesi wanaanza mwezi wa pili. Utaona unga mdogo kama poda chini ya kinyago. Kitundike juu ya meko, pale moshi unapopita, siku nne au tano. Moshi utakifanya cheusi kidogo na kitaonekana cha zamani. Na hapo, wazazi, fungueni macho: wanunuzi wanapita Kindu na Kasongo wakitafuta vitu "vya kale", na kuko watu wanaochonga leo, wanazika wiki mbili, wanafukiza, wanauza kama kitu cha babu. Mnunuzi akitaka kile cha mtoto, auziwe kama kazi ya mtoto, jina na tarehe vikiwa nyuma. Na kama nyumbani kuko kinyago cha babu wa kweli, kisiende na mpita njia. Sheria ya 1971 juu ya vitu vya kale vya inchi inavilinda, na bei ya shati haijapanda sana tangu siku zile.

Mwezi ujao, vikapu. Tayarisheni majani ya mwaa, yakatwe sasa, yakauke kivulini.